"Mama, nimechagua Siasa"

Kila ikifika Januari na Februari, group letu la WhatsApp la kina mama wa hapa Uingereza huacha kuzungumzia mapishi likaanza kuzungumzia masomo. Watoto waliofika miaka 15 na 16 wanatakiwa waseme watasoma nini miaka miwili ya mwisho ya skuli, yaani A-Level. Mtoto anachagua masomo matatu, wachache wanachukua manne, basi. Mengine yote anayaacha. Kila mama ana rai yake, na rai zote zinafanana: Kemia, Baiolojia, Hesabu. Ungedhani watoto wetu wote wameandikiwa udaktari.

Mwaka juzi zamu ilikuwa yangu. Binti yangu mkubwa aliweka karatasi mezani, pembeni ya sahani ya mandazi, nikaisoma: Historia, Kiingereza, Siasa. Nikaisoma tena.

"Siasa?"

"Ndiyo, Mama. Nimechagua Siasa."

Mume wangu alikuwa anakunywa kahawa yake. Akaweka kikombe chini. "Kwani siasa nayo ni somo?"

Ijumaa ile, tulipompigia baba yangu Muscat kama kawaida yetu baada ya sala, nikafanya kosa la kumtajia. Simu ilikuwa kwenye spika. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwambie mjukuu wangu siasa ndiyo iliyotufikisha huku. Asome kitu kingine."

Wasomaji wenye asili ya Unguja na Pemba hawahitaji kuelezwa alikuwa anakusudia nini. Wazee wetu miaka ile ya 1957 mpaka 1964 wanaiita zama za siasa, na wakiitaja husema kwa sauti ya chini. Ni miaka ambayo mtu hakununua duka la mtu wa chama kingine, hakwenda harusini kwake, na wengine hawakuzikana. Kisha ikaja Januari 1964, na kila familia ina yake iliyoyabeba kutoka pale, ya upande huu na ya upande ule. Nyumbani kwetu tuliyafunga kabatini. Mtoto akiuliza aliambiwa, "Hayo mambo ya siasa." Maana yake: nyamaza.

Halafu mie mwenyewe niliisoma Siasa. Nilizaliwa Unguja 1972, na skuli kwetu kulikuwa na kipindi kinaitwa hivyohivyo, Siasa. Nakikumbuka vizuri. CCM imezaliwa lini? Tarehe 5 Februari 1977. Vimeungana vyama gani? TANU na ASP. Maadui wa taifa ni wangapi? Watatu: ujinga, maradhi na umasikini. Kila swali lilikuwa na jibu moja, na jibu lilikuwa ubaoni. Ukilinakili sawasawa unapata vyema. Sikumbuki hata siku moja mwalimu kutuuliza, "Nyie mnaonaje?" Na lau angeuliza, ningerudi nyumbani nikamwambia baba, na baba asingelala usiku ule.

Kwa hiyo binti yangu aliposema Siasa, vichwani mwetu mlikuwa na vitu viwili: mie naona kipindi cha kukariri sifa za chama, babu yake anaona watu barabarani. Baba yake, ambaye ni Mmanga wa Muscat na hayakumkuta yote hayo, yeye alikuwa na lake: somo hili litampa kazi gani?

Tukakubaliana kwenda usiku wa wazazi chuoni kwao kabla ya kusema ndiyo au hapana.

Mwalimu wa somo alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu. Nikamuuliza moja kwa moja: unawafundisha wafuate chama gani? Akacheka, kisha akaniona sicheki, akanijibu taratibu. Akasema sheria ya elimu ya mwaka 1996 inazikataza skuli kueneza msimamo wa chama, na inazitaka ziwape wanafunzi pande zote mbili kila panapozungumzwa jambo la kisiasa. "Wanafunzi wangu huwa wanapoteza muda kubahatisha nampigia nani kura," akasema, "na mpaka sasa wanakosea."

Swali langu la pili lilikuwa zito zaidi, na najua wasomaji wengi mnalo. Binti yangu ana bendera ndogo ya Palestina kwenye mkoba wake. Tangu 2015 skuli zote hapa zina wajibu wa kisheria, chini ya mpango unaoitwa Prevent, wa kutoa taarifa wakimwona mtoto anaelekea kwenye siasa kali. Je, akisema yaliyo moyoni mwake darasani kuhusu Gaza, jina lake litaandikwa pahala? Mwalimu akasema mwanafunzi kuwa na rai, hata rai kali, si kosa, na darasa la Siasa ndilo pahala hasa pa kuisema. Anachotakiwa ni kuleta ushahidi na kumsikiliza aliyekaa upande wa pili. Sikutoka pale nimetulia mia kwa mia, siwadanganyi. Lakini nilitoka nikifikiri kwamba mtoto atakayejifunza kusema rai yake kwa hoja yuko salama zaidi kuliko yule atakayeisema kwa hasira kwenye simu yake usiku wa manane.

Basi tukasema ndiyo. Mume wangu alisema "tutaona", ambalo kwa lugha ya nyumbani kwetu ni ndiyo.

Sasa niwaeleze somo lenyewe, maana nimekuta wazazi wengi hawajui kilichomo. Bodi za mitihani zinazojulikana zaidi kwa somo hili ni Edexcel na AQA. Kwa zote mbili mtoto anafanya karatasi tatu mwisho wa mwaka wa pili, kila moja masaa mawili, na hakuna kazi ya nyumbani inayohesabiwa kwenye alama. Yote ni mtihani. Binti yangu yuko Edexcel. Karatasi ya kwanza ni siasa za Uingereza: vyama, uchaguzi, vyombo vya habari, vikundi vya kushawishi, pamoja na itikadi tatu kubwa, uliberali, uhafidhina na usoshalisti. Ya pili ni serikali yenyewe: katiba, bunge, waziri mkuu, mahakama, na itikadi moja zaidi ambayo chuo kinachagua. Ya tatu ama ni Marekani ama ni siasa za dunia. Wao wamechaguliwa Marekani.

Itikadi yao ya nne ni ya tamaduni nyingi, na hapo ndipo nilipoanza kuvutiwa mie mwenyewe. Wamo wanafikra kama Bhikhu Parekh, aliyezaliwa Gujarat, na Tariq Modood, aliyezaliwa Karachi, wote wakiandika juu ya watu kama sisi: mtu anaweza kuwa Mwislamu, mwenye lugha yake na vazi lake, akawa raia kamili wa nchi hii? Dola iwe kipofu isione tofauti zetu, au izitambue? Nimeishi na swali hilo miaka zaidi ya 20 nikiwa sokoni, hospitali, kwenye foleni ya skuli. Sikujua kama kuna watu wameliandikia vitabu, wala kwamba mtoto wangu ataliandikia insha.

Insha hizo ndizo ugumu wa somo. Swali kubwa lina alama 30, na mtoto ana dakika kama 45 tu. Katika karatasi mbili za kwanza, swali moja la alama 30 linakuja na kifungu cha maandishi chenye hoja zinazopingana. Anatakiwa azitoe zote mbili, azipime, kisha aseme ipi nzito na kwa nini. Akieleza upande mmoja tu anapoteza alama nyingi. Mara ya kwanza binti yangu alirudi amenuna: insha yake juu ya kodi za matajiri ilikuwa na hoja nzuri sana, zote za upande wake. Mwalimu alimwandikia pembeni, kwa wino wa kijani, kwamba ameandika hotuba.

Ilibidi akae chini aandike kurasa mbili akitetea jambo asiloliamini, na aliandike vizuri kiasi cha anayeliamini kulikubali. Nilimwona anavyotaabika. Mdogo wake wa kiume, wa miaka 14, akajitolea kuwa tajiri wa kubishana naye. Tangu hapo chakula cha usiku kwetu hakina utulivu.

Kuhusu kazi, nilifanya utafiti wangu kwa ajili ya baba yao, na naona niwape na nyinyi. Kama mtoto ameazimia udaktari, Siasa haitamfaa kama somo kuu. Vyuo vingi vinataka Kemia na la pili la sayansi, na hapo hapana mjadala. Lakini kwa sheria, vyuo vikuu kwa kawaida havitaki somo maalumu lolote. Vinataka alama nzuri na mtu anayejua kuandika na kujenga hoja. Zamani vyuo vikubwa vya Russell Group vilikuwa na orodha ya masomo yaliyopendelewa na Siasa haikuwemo, jambo lililowatisha wazazi wengi. Orodha hiyo waliiacha 2019. Na kinyume chake pia ni kweli: hata Oxford, kwenye shahada yao mashuhuri ya Falsafa, Siasa na Uchumi iliyoanza 1920, hawamlazimishi mtoto awe ameisoma Siasa skuli. Kwa hiyo haifungui mlango wowote ambao Historia haiufungui. Anayewaambia vingine anawauzia kitu.

Faida niliyoiona mie haikuwa kwenye orodha yoyote, na ilinikuta kwa aibu.

Muhula wa kwanza walikuwa wanasoma nani ana haki ya kupiga kura. Binti yangu akaja jikoni na daftari. "Mama, pasi yako bado ya Tanzania?" Nikamwambia ndiyo. "Na una ruhusa ya kuishi hapa?" Ndiyo, unajua. "Basi kwa nini hupigi kura?"

Nikamwambia mie si raia. Akanisomea: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali na wenye ruhusa ya kuingia au kukaa wana haki ya kupiga kura, hata ya bunge. Tanzania imo. Kenya imo. Uganda imo. Oman haimo, kwa hiyo baba yake hana kura, lakini mie ninayo. Nimekuwa nayo tangu nilipofika hapa 2003.

Nilikaa nikahesabu. Uchaguzi mkuu wa 2005, 2010, 2015, 2017, 2019 na 2024. Na kura ya maoni ya 2016 ya kutoka Umoja wa Ulaya, ambayo niliilalamikia jikoni hapa wiki nzima. Mara saba nimeangalia matokeo kwenye televisheni kama mtu anayeangalia mpira wa timu za wengine. Hapana aliyenizuia. Sikuuliza tu, kwa sababu kwetu hayo ni mambo ya siasa.

Nimeshajiandikisha. Tangu Mei 2023 Uingereza wanataka kitambulisho chenye picha ukienda kupiga kura, na pasi ya nchi ya Madola inakubaliwa, hiyo hiyo ya Tanzania. Binti yangu naye, akiwa na miaka 16, alikwisha kujiandikisha kwa kungojea 18 yake. Ijapokuwa serikali ilitangaza Julai 2025 kwamba inakusudia kuishusha miaka ya kupiga kura mpaka 16, kama ilivyo tayari kwa mabunge ya Scotland na Wales. Mume wangu anatutania kwamba nyumba hii sasa ina chama tawala na yeye ndiye mkimbizi. Ndugu yake Muscat alimpigia kura mgombea wa Majlis Shura Oktoba 2023 kwa programu ya simu, amekaa barazani kwake. "Sisi tumeshawapita," anasema.

Sasa nije kwa Babu, maana yeye ndiye niliyetaka kumwandika tangu mwanzo.

Darasa la binti yangu lilianza Septemba 2024, miezi miwili baada ya uchaguzi mkuu, na mwalimu aliwapa matokeo yale wayachambue. Hapa kila jimbo linamchagua mbunge mmoja, na anayepata kura nyingi kuliko mwenziwe, hata kwa moja, amepita. Hazihesabiwi kura za nchi nzima. Basi chama cha Labour kilipata kama asilimia 34 ya kura zote kikachukua zaidi ya viti 400 kati ya 650. Reform walipata asilimia 14 wakaambulia viti 5. Liberal Democrats walipata asilimia 12, chini ya Reform, wakatoka na viti 72. Kwa sababu kura za hawa zilikuwa zimejikusanya kwenye majimbo yao, na za wale zimetawanyika kila pahala. Mwalimu akawarudisha nyuma zaidi, mwaka 1951, Labour walipopata kura nyingi kuliko Conservative nchi nzima na bado wakashindwa kwa viti, akarudi Churchill.

Binti yangu alisoma hayo, akaenda mwenyewe kutafuta ya Zanzibar. Sikumtuma.

Tarehe 30 Disemba 2024 Sultani Jamshid bin Abdullah akafariki Muscat. Sisi tunaishi Portsmouth, mji uleule alioishi yeye, upande wa Southsea, zaidi ya miaka 50 mpaka aliporuhusiwa kuhamia Oman 2020. Nilimpigia baba kumpa pole, maana kwa rika lake lile lilikuwa jambo. Alikuwa analia. Baba yangu hakuwa mtu wa kasri. Alikuwa kijana wa dukani Malindi. Nadhani alikuwa anajililia yeye mwenyewe na miaka yake 22. Akazungumza kidogo juu ya mji ulivyokuwa, akanyamaza. Na binti yangu, aliyekaa pembeni yangu, akauliza:

"Babu, mwaka 1963 ulipiga kura?"

Nikamfinya chini ya meza.

"Nilipiga," Babu akasema. "Jogoo. Nilisimama foleni tangu alfajiri, nimevaa kanzu mpya." Jogoo ilikuwa alama ya Hizbu, kwa wasioijua.

Kimya. Nikadhani yameishia hapo. Lakini mtoto akaenda kuchukua daftari lake. Kwa adabu yote, nasema hivi kwa sababu nilikuwepo, akamwambia: "Babu, nimeziona hesabu za Julai 1963. Afro-Shirazi walipata kama asilimia 54 ya kura, viti 13. Hizbu viti 12 na ZPPP viti 6. Mkaungana mkawa 18 kati ya 31 mkaunda serikali. Mlijua kwamba wenzenu walikuwa na kura nyingi kuliko nyinyi nyote pamoja?"

Kwetu swali hilo haliulizwi. Anayeliuliza ni mtu wa upande wa pili, na analiuliza ili akupige nalo. Nilingoja baba akate simu.

"Tulijua," akasema. "Lakini sheria ilikuwa viti. Tukasherehekea viti."

Akamwelezea, na nilikuwa sijapata kumsikia akieleza, jinsi vyama viwili vile vilivyogawana majimbo visigombane vyenyewe kwa vyenyewe. Na kwamba Afro walikuwa wakishinda pengine kwa maelfu na kushindwa pengine kwa wachache. Akakumbuka Januari 1961, kiti cha Chake Chake kilipochukuliwa na Afro kwa kura moja tu. "Kura moja, mjukuu wangu! Pemba nzima ilikuwa inamtafuta aliyelala nyumbani siku ile." Akacheka. Na binti yangu akamwambia ya 1951, kwamba Waingereza wenyewe yalikwisha kuwakuta, miaka 12 kabla ya yetu.

"Kumbe na wao!" Babu akasema. Akafikiri. "Sasa mbona wao hawakuuana?"

Mtoto hakuwa na jibu. Akasema atauliza.

Kabla hatujaagana, baba akasema jambo ambalo mie, mwanawe, sikuwa nalijua. Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, mtu wa Afro. Alifiwa na mama yake mwaka ule wa uchaguzi. Bibi yangu alitaka kwenda kuzika, na wanawe, baba akiwa mmoja wao, wakamzuia. "Tulimwambia hawa si wenzetu. Alilia siku nzima." Baadaye wakakaa jirani miaka mingine 24, mpaka tulipoondoka 1988. Salamu tu.

Yule fundi namkumbuka. Sare zangu zote za skuli alizishona yeye. Baba alikuwa ananipeleka mpaka mlangoni, akanisubiri nje barazani, hata mvua ikinyesha. Nilidhani hapendi vumbi la vitambaa.

Wiki iliyofuata binti yangu alimpelekea Babu ujumbe wa sauti. Alikuwa amemuuliza mwalimu, na mwalimu alijibu kwamba 1951 walioshindwa waliamini kwamba uchaguzi mwingine utakuja na wao wanaweza kushinda, kwa hiyo walikwenda nyumbani kujitayarisha. Babu alijibu kwa ujumbe mfupi, nimeuhifadhi kwenye simu yangu: "Mwambie mwalimu ni kweli. Sisi kila upande ulidhani ule ndio wa mwisho."

Tangu hapo wanazungumza kila Ijumaa, wawili wao, na mie napewa simu mwisho kwa salamu. Mtoto alimsimulia juu ya Thomas Hobbes, aliyeandika 1651, England imetoka vitani yenyewe kwa yenyewe, kwamba pasipo na dola yenye nguvu kila mtu anamwogopa mwenziwe. Babu akauliza kama mzee huyo alipata kuishi Unguja. Si kwamba wanakubaliana. Babu bado ni mtu wa Jogoo, na haya ya Mapinduzi ana lake ambalo halitabadilika. Mjukuu wake anamwambia waziwazi kwamba watu wenye kura asilimia 54 walikuwa na haki ya kukasirika. Zamani maneno hayo yangevunja undugu. Sasa anamwambia, "Haya, lete ushahidi," neno alilolipata kwake.

Mume wangu, aliyesema "tutaona", siku hizi ndiye anayefungua mijadala ya bunge kwenye televisheni Jumatano adhuhuri akiwa hana zamu. Mdogo wake binti yetu karibu atachagua masomo na yeye. Anataka Kemia, Baiolojia na Hesabu, na hapana aliyemwambia kitu.

Mitihani ni Mei na Juni. Insha yake ya mazoezi ya juzi ilikuwa juu ya kama mfumo wa kuchagua bunge la Uingereza unafaa kubadilishwa. Aliandika ya 2024, akaandika ya 1951, na katikati akaweka aya nzima ya Zanzibar 1963. Akapata 22 kati ya 30. Mwalimu aliipigia mstari aya ile akaandika kwamba inavutia sana, lakini swali linahusu Uingereza, kwa hiyo haina alama hata moja.

Ijumaa alimsomea Babu insha yote, akiifasiri kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi, na nilimsaidia pale alipokwama. Babu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza alama 8 zimekwenda wapi, tukamweleza.

"Haihusu Uingereza vipi?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu wa miaka 22. "Julai 1963 alikuwa anatutawala nani? Mfumo alituletea nani? Mwambie huyo mwalimu wako bendera yao ilishuka Disemba!"

Binti yangu ameshaandika hilo kwenye daftari. Jumatatu anakwenda kudai alama zake.